Obama au Clinton: nani alitoka mbele usiku wa Jumanne Kuu ya 2008?

Ubishi wa Februari 5, 2008, siku ambayo Wademokrati wa majimbo mengi ya Marekani walipiga kura kwa pamoja kumchagua mgombea wao wa urais, una ajabu yake: pande zote mbili zina takwimu za kweli. Aliyekuwa upande wa Hillary Clinton atakutajia California, New York, New Jersey na Massachusetts, kisha atanyamaza kana kwamba kesi imekwisha. Aliyekuwa upande wa Barack Obama atakujibu kwa majimbo 13 dhidi ya tisa na wajumbe 847 dhidi ya 834, yaani wale wanaokwenda kumpigia mgombea kura kwenye mkutano mkuu wa chama. Hakuna anayedanganya. Anayewasikiliza hubaki njia panda, hajui ashike la nani.

Huku kwetu ubishi huo ulikuwa na uzito wa ziada. Kenya ilikuwa bado ndani ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Kofi Annan yuko Nairobi akisuluhisha, na wiki hizohizo mtoto wa mwanamume wa Kogelo, Siaya, anawania tiketi ya urais wa Marekani. Waliokesha walikuwa wengi. Ila vituo vya Georgia vilifungwa saa tisa usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, na vya California vikafungwa saa moja asubuhi, watu wakiwa tayari kwenye matatu na daladala. Kila mtu alifika kazini na kipande chake cha habari. Mmoja alisikia "Obama kachukua Georgia", mwingine "Mama kachukua California", na wengi hawakuwahi kuviunganisha vipande hivyo.

Makala haya ni kwa ajili ya huyo aliyebaki njia panda. Sitakuambia umshike nani. Nitawapima wote wawili kwa vipimo vilevile, halafu nitasema kila jibu linamfaa mtu wa aina gani.

Vipimo vyenyewe

Ninatumia sita: majimbo, wajumbe, jumla ya kura, matarajio ya kabla ya usiku ule, makundi yaliyompigia kila mmoja, na hali ya kila mmoja kesho yake asubuhi. Havina uzito sawa. Kisheria ni kimoja tu kinachompa mtu tiketi, nacho ni wajumbe. Lakini mchujo wa Marekani haumaliziki kwa usiku mmoja, na ndiyo maana vile vingine vina nafasi yake: vinaathiri wachangiaji, vigogo wa chama na wapiga kura wa majimbo yanayofuata.

Kuna sharti moja ninalokuomba ulikubali kabla hatujaanza. Sahau kwa muda kwamba Obama alishinda tiketi mwezi Juni na urais mwezi Novemba. Watu wengi wanaosema alishinda Jumanne Kuu wanasema hivyo kwa sababu wanaujua mwisho wa hadithi. Asubuhi ya Februari 6 hakuna aliyeujua.

Kwanza kanuni, maana bila hizo huwezi kusoma matokeo

Aliyezoea chaguzi zetu anaelewa kushinda jimbo kuwa ni kulichukua lote. Kwa Wademokrati haiko hivyo. Wajumbe hugawanywa kwa uwiano wa kura, kwa sharti kwamba mgombea afikishe walau asilimia 15. Sehemu kubwa ya wajumbe hao hawagawanywi kwa jimbo zima. Hugawanywa wilaya kwa wilaya, zilezile zinazochagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kule Washington.

Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Chukua wilaya yenye wajumbe wanne. Ukipata asilimia 60 na mwenzako 40, mnagawana wawili kwa wawili. Ili upate watatu unahitaji kupita asilimia 62.5. Sasa chukua wilaya yenye wajumbe watatu: ukipata asilimia 51 tu unaondoka na wawili, mwenzako mmoja. Yaani ushindi mkubwa katika wilaya moja unaweza usikupe faida yoyote, na ushindi mwembamba wilaya ya jirani ukakupa mjumbe wa ziada. Isitoshe, wilaya zilizowahi kukipa chama kura nyingi hutengewa wajumbe wengi zaidi. Katika majimbo ya kusini, wilaya hizo mara nyingi ni za wapiga kura weusi.

Kuna pia aina mbili za upigaji kura. Upo mchujo wa kawaida, ambapo mtu anakwenda kituoni, anapiga kura na kuondoka. Halafu ipo mikutano ya kokasi: wanachama wanakutana jioni ukumbini au shuleni, wanajitokeza hadharani kumuunga mkono mtu wao, na shughuli inaweza kuchukua muda mrefu. Muuguzi wa zamu ya usiku au mama mwenye watoto wadogo hawezi kokasi kirahisi. Kijana wa chuo mwenye hamasa anaweza.

Mwisho, mwaka ule walikuwepo karibu wajumbe 800 ambao hawakufungwa na kura yoyote: maseneta, magavana, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na viongozi wa chama. Nitawaita vigogo. Wakati ule, ili kupata tiketi ulihitaji wajumbe 2,025 ukiwajumlisha hao.

Kipimo cha majimbo

Obama alichukua majimbo 13: Alabama, Alaska, Colorado, Connecticut, Delaware, Georgia, Idaho, Illinois, Kansas, Minnesota, Missouri, North Dakota na Utah. Clinton alichukua tisa: Arizona, Arkansas, California, Massachusetts, New Jersey, New Mexico, New York, Oklahoma na Tennessee, pamoja na visiwa vya Samoa ya Marekani.

Kwa idadi, Obama. Kwa ukubwa, Clinton, na si kwa kubahatisha. California pekee ilikuwa na wajumbe 370 wa kugombaniwa. Ukiyajumlisha majimbo yote 13 ya Obama unapata wajumbe 653. Ya Clinton, pamoja na vile visiwa, yalikuwa na 1,028. Kama Wademokrati wangetumia kanuni ya mshindi kuchukua vyote, Clinton angekaribia kuumaliza mchujo usiku uleule, na leo tungekuwa tunabishana kuhusu jambo jingine.

Hata hivyo hoja ya "majimbo makubwa" ina tundu ambalo mashabiki wake hawapendi kuliangalia. California, New York na Massachusetts yangemchagua Mdemokrati yeyote mwezi Novemba. Kuyashinda kwenye mchujo hakuthibitishi kwamba mpinzani wako angeyapoteza kwenye uchaguzi mkuu, na Obama hakuyapoteza. Upande wa pili nao usicheke: Idaho, Kansas, Utah, Alaska na North Dakota, ambako Obama alivuna vizuri, yote yalikwenda kwa John McCain, mgombea wa Republican, Novemba. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba ramani ya usiku ule ilitabiri ramani ya uchaguzi mkuu, mwombe kwanza akuonyeshe kwa vipi.

Kipimo cha wajumbe

Wajumbe waliogombaniwa usiku ule walikuwa 1,681. Hesabu ya mwisho ilimpa Obama 847 na Clinton 834. Tofauti ni 13, yaani chini ya asilimia moja.

Jambo linalostahili kukaliwa kitako ni jinsi hiyo 13 ilivyopatikana. Tazama majimbo machache:

| Jimbo | Mshindi | Wajumbe | Tofauti |
|---|---|---|---|
| California | Clinton | 204 kwa 166 | 38 |
| New York | Clinton | 139 kwa 93 | 46 |
| New Jersey | Clinton | 59 kwa 48 | 11 |
| Illinois | Obama | 104 kwa 49 | 55 |
| Minnesota | Obama | 48 kwa 24 | 24 |
| Kansas | Obama | 23 kwa 9 | 14 |
| Idaho | Obama | 15 kwa 3 | 12 |
| Missouri | Obama | 36 kwa 36 | 0 |

Soma mistari ya New Jersey na Idaho kwa utulivu. New Jersey walipiga kura zaidi ya watu milioni moja, Clinton akashinda kwa takribani pointi kumi, akapata faida ya wajumbe 11. Idaho, jimbo ambalo Wademokrati hulitaja kwa nadra sana, walijitokeza watu kama 21,000 kwenye kokasi, Obama akapata karibu asilimia 80, akapata faida ya wajumbe 12. Jasho na fedha za kambi ya Clinton New Jersey zilifutwa na jioni moja ya baridi kaskazini-magharibi ya nchi.

Kambi ya Obama ilikuwa imeisoma kanuni hiyo mapema. Iliweka ofisi na watu kwenye majimbo ya kokasi ambayo wenzao waliyaona hayana faida. Majimbo sita yaliyofanya kokasi za kawaida usiku ule (Alaska, Colorado, Idaho, Kansas, Minnesota na North Dakota) yote yalikwenda kwake, mengi kwa kishindo. Mpenzi wa soka ataelewa haraka: Clinton alishinda mechi kubwa kwa bao moja moja, Obama akafunga mabao kwenye viwanja ambavyo hakuna aliyekwenda kutazama, na ligi hii inahesabu tofauti ya mabao.

Bado kuna swali la haki ambalo mtu mwaminifu hawezi kulikwepa. Je, ni sawa mkutano wa watu 21,000 uzidi nguvu ya kura milioni moja? Mimi naona hapana, si sawa. Lakini kanuni zilikuwa mezani kabla mchezo haujaanza, na kambi zote mbili zilikuwa na wanasheria wa kuzisoma.

Jambo jingine ambalo husahaulika: ukiwaongeza vigogo waliokuwa wameshatangaza msimamo, asubuhi ile Clinton ndiye aliyekuwa mbele kwa jumla. Alikuwa ameanza kuwakusanya mapema, akitumia mtandao wa mumewe na wa miaka mingi ndani ya chama. Kwa hiyo hata kipimo cha wajumbe kina majibu mawili: wajumbe wa kura, Obama kwa kidogo, wajumbe wote, Clinton. Vigogo, lakini, wanaweza kubadili mawazo. Wajumbe wa kura, kwa kawaida, hawabadiliki.

Kipimo cha kura

Hapa sitakaa. Ukijumlisha kura za majimbo yote ya usiku ule, walikaribia kulingana kabisa, Clinton akiwa mbele kwa chini ya asilimia moja. Ubaya wa jumla hiyo ni kwamba inachanganya kura za mchujo na watu wa kokasi, ambao daima ni wachache. Anayeitumia kumtangaza mshindi anapima kwa rula mbili tofauti. Faida yake ni moja: inaonyesha kwamba chama kilikuwa kimegawanyika katikati, na hakuna aliyekuwa na haki ya kudai kwamba umma umeshaamua.

Kipimo cha matarajio

Miezi michache kabla, Clinton alikuwa akiongoza nchi nzima kwa kiasi cha pointi ishirini katika tafiti za maoni. Februari 5 ilikuwa siku ambayo kambi yake iliipanga kuwa ya kufunga hesabu. Mwenyewe alisema kwenye televisheni mwishoni mwa 2007 kwamba kufikia siku hiyo mambo yangekuwa yamekwisha. Kwa kipimo hicho alishindwa, maana hayakwisha. Obama alihitaji kubaki hai, na alibaki hai akiwa na faida ndogo mkononi.

Ila matarajio husogea, na yalisogea wiki ile yenyewe. Obama alishinda South Carolina Januari 26 kwa kura zilizozidi mara mbili za Clinton. Siku mbili baadaye Seneta Edward Kennedy akamuunga mkono, pamoja na Caroline Kennedy. John Edwards, mgombea wa tatu wa Wademokrati, akajiondoa Januari 30. Ghafla ikaonekana kwamba Obama anaweza kumwangusha Clinton kwenye ngome zake, na baadhi ya tafiti za mwisho zikamweka mbele California. Kisha kura zikahesabiwa: Clinton akashinda California kwa pointi zaidi ya nane. Massachusetts, ambako Obama alikuwa na Kennedy, seneta John Kerry na gavana Deval Patrick kwa pamoja, Clinton akashinda kwa karibu pointi 15. Arizona gavana Janet Napolitano alikuwa upande wa Obama, na jimbo bado likaenda kwa Clinton.

Kwa hiyo ukianzia hesabu yako Oktoba, Obama alivuka matarajio. Ukianzia Februari 3, Clinton ndiye aliyevuka. Watangazaji wa usiku ule walikuwa wakirukaruka kati ya tarehe hizo mbili bila kuwaambia watazamaji, na sehemu kubwa ya mkanganyiko ilitoka hapo.

Missouri inastahili neno lake. Ilitangazwa mapema kwa Clinton, halafu tangazo likafutwa, kisha Obama akapita kwa kiasi cha pointi moja na nusu. Kwa kuwa ni jimbo ambalo kwa miongo mingi lilisifika kuwa kioo cha taifa, kambi ya Obama ililibeba kama kombe. Wajumbe, kama ulivyoona kwenye jedwali, waligawana 36 kwa 36.

Kipimo cha wapiga kura

Clinton alikuwa imara kwa wanawake, hasa weupe, kwa wazee, kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, na kwa Walatino. California, Walatino walimpigia kama wawili kwa mmoja, na Wamarekani wenye asili ya Asia pia walimwelemea. Wengi wa jimbo hilo walikuwa wameshatuma kura kwa posta kabla upepo wa South Carolina haujawafikia, jambo lililomkinga.

Obama alikuwa na wapiga kura weusi kwa wingi mkubwa sana, vijana, na wenye elimu ya chuo. Georgia na Alabama zilitokana na kundi la kwanza. Idaho, Utah na Kansas haziwezi kuelezwa hivyo kwa sababu weusi huko ni wachache mno. Huu ndio ushahidi uliowafanya watu wengi, wakiwemo waliomdharau, wamtazame upya: mtu mweusi anashinda Idaho kwa asilimia 80. Kweli, ni kokasi. Kweli, ni Wademokrati wachache wa Idaho. Lakini Connecticut, ambayo ni mchujo wa kawaida na jirani kabisa na New York, nayo ilikwenda kwake.

Kipimo hiki sikioni kikimpa yeyote ushindi. Kinaonyesha kwamba kila mmoja alikuwa na ukuta ambao mwenzake hakuweza kuuruka, na ndiyo sababu mchujo uliburuzwa mpaka Juni.

Kipimo cha kesho yake asubuhi

Februari 6 tofauti ya fedha ilionekana wazi. Ilijulikana kwamba Clinton ameikopesha kampeni yake dola milioni 5 kutoka mfukoni mwake. Obama kwa upande wake alikuwa amekusanya dola milioni 32 mwezi Januari pekee, nyingi kutoka kwa wachangiaji wadogo wa kwenye intaneti ambao wangeweza kuombwa tena wiki inayofuata. Wachangiaji wengi wa Clinton walikuwa wameshafika kikomo cha kisheria cha kutoa.

Na kalenda? Iliyofuata ilikuwa Louisiana, Nebraska na jimbo la Washington Februari 9, Maine tarehe 10, Virginia, Maryland na mji mkuu tarehe 12, Wisconsin na Hawaii tarehe 19. Ukiitazama orodha hiyo kwa kile kilichoonekana Jumanne, unaona kokasi kadhaa na majimbo yenye wapiga kura weusi wengi. Uwanja uliomfaa Clinton ulikuwa mbali: Ohio na Texas, Machi 4. Obama alishinda yote hayo ya Februari.

Hapa nalivunja kidogo sharti langu, lakini si kwa hila: fedha na kalenda vilikuwa wazi asubuhi ile kwa yeyote aliyetaka kuangalia. Kwa kipimo hiki Obama alikuwa mbele, na sioni hoja ya kweli ya kupinga. Kilichokuwa hakijulikani ni ukubwa wa ushindi wake wa Februari. Na Clinton aliposhinda Ohio Machi, alionyesha kwamba hesabu za wale waliokuwa wameshamzika zilikuwa na haraka.

Kando kidogo: upande wa McCain

Anayetaka kuona kanuni zinavyoumba mshindi aangalie chama cha Republican usiku huohuo. Mwaka ule majimbo yao mengi yalitoa wajumbe wote kwa anayeongoza. McCain alichukua majimbo tisa, Mitt Romney saba, Mike Huckabee matano. Missouri McCain alipata kama theluthi moja tu ya kura, akimzidi Huckabee kwa pointi moja na ushei, akaondoka na wajumbe wote 58. Siku mbili baadaye Romney alijitoa. Jimbo lilelile, usiku uleule, ushindi mwembamba uleule: chama kimoja kilipata kinara, kingine kilipata sare.

Jibu la Clinton linamfaa nani

Linamfaa anayeamini kwamba chama kimfuate yule anayependwa na majimbo yenye watu wengi, na anayeona kokasi kuwa njia isiyo ya haki kwa mtu wa kazi za zamu. Linamfaa pia anayepima usiku kwa ugumu wa mtihani: kushinda Massachusetts dhidi ya ukoo wa Kennedy si jambo dogo, na kushinda California baada ya wiki mbaya kiasi kile kunaonyesha mizizi. Udhaifu wa jibu hili ni kwamba linategemea kanuni ambazo hazikuwepo. Kila ukilisukuma, linaishia kwenye "ingekuwa".

Jibu la Obama linamfaa nani

Linamfaa anayehesabu kile ambacho mkutano mkuu wa chama ungekihesabu, na anayeamini kwamba kuzijua kanuni na kujipanga kwazo ni sehemu ya uongozi. Linamfaa anayetazama mwelekeo kuliko picha ya mgando. Udhaifu wake ni kwamba faida ya wajumbe 13 kati ya 1,681 haitoshi kupigiwa vigelegele, na kwamba bila Illinois, nyumbani kwake, ingegeuka kuwa hasara. Mashabiki wake wanapotaja majimbo 13 huwa hawasemi kwamba kadhaa kati yake yana watu wachache kuliko Brooklyn, sehemu moja tu ya jiji la New York.

Umshike nani, kulingana na unachotafuta

Ikiwa mnabishana kuhusu usiku wenyewe tu, kuanzia vituo vilipofungwa hadi alfajiri ya Marekani, sema sare na usione haya. Ukilazimishwa kuchagua, Clinton ana picha nzuri zaidi ya televisheni na Obama ana daftari zuri zaidi.

Ikiwa swali ni nani alikuwa njiani kupata tiketi, mizani inamwelemea Obama, na sababu ni fedha na kalenda kuliko zile 13. Zitaje hizo kwanza. Anayeanza na majimbo 13 kwa tisa atapigwa na hoja ya California kabla hajakunywa chai yake.

Ikiwa unajali zaidi nani alikuwa na watu, Clinton anasimama vizuri, mradi ukubali kwamba tofauti ni ndogo na kwamba watu wa kokasi hawakuhesabiwa kwa namna ileile.

Ikiwa umezoea kura za maoni za CCM, ambako aliyeongoza kwa kura anaweza bado kuachwa na vikao vya juu, utavutiwa na vigogo. Kwa jicho hilo Februari 6 Clinton alikuwa bado mbele. Fuatilia jinsi vigogo hao walivyohama mmoja mmoja kati ya Februari na Juni, maana mshindi alithibitishwa huko, na ni hadithi ambayo haikuonekana usiku wa Jumanne Kuu.

Ikiwa wewe ni mtangazaji wa redio na una usiku wa mchujo mwingine mbele yako, usimtangaze mshindi kwa idadi ya majimbo kabla hujajua wajumbe wanagawanywaje, na usiahidi matokeo kamili asubuhi. New Mexico ya mwaka ule ilichukua siku tisa kumtangaza Clinton, kwa tofauti ya kura zisizofika elfu mbili.

Na ukikutana na shabiki wa Obama anayeapa kwamba Missouri ndiyo iliyoamua, mwulize tu wale wajumbe 36 wa Clinton walikwenda wapi.